Kicheche na kuku: semi za Kichina za vipande viwili tuziweke kundi gani?

Muuliza swali, Kariakoo

Wanajukwaa, nawasalimu. Mshirika wetu kutoka China aliletewa zawadi dukani na mtu anayeshindana naye kibiashara. Mgeni alipoondoka, mwenzetu alisema tu, "Kicheche anampa kuku mkono wa mwaka mpya," akanyamaza. Wachina wenzake wakacheka, nasi tukabaki tunatazamana. Baadaye nilielezwa kuwa usemi huo una kipande cha pili, "hana nia njema", ambacho hakikutamkwa. Naomba kufahamishwa: hizi ni methali, au ni vitendawili?

Mwalimu wa fasihi simulizi

Ndugu, si methali wala si vitendawili, ingawa zina undugu na vyote viwili. Wachina huziita xiehouyu. Kipande cha kwanza huchora picha, mara nyingi ya mnyama, na cha pili hutoa maana. Msemaji huweza kukiacha cha pili akijua kuwa msikilizaji atajimalizia, kama sisi tunavyosema "Asiyesikia la mkuu" tukaishia hapo. Lakini methali yetu huonya kila mtu, ilhali usemi huu humlenga mtu au jambo lililopo mbele yenu wakati huo. Mbwa kukamata panya ni kujitia katika yasiyomhusu, kwa kuwa kazi hiyo ni ya paka. Paka kumlilia panya ni huruma ya uongo, ambayo sisi huiita machozi ya mamba. Ninaoupenda zaidi ni ule wa kumrushia mbwa andazi lenye nyama: kilichokwenda hakirudi. Waliowahi kukopesha wasilipwe watauelewa bila kufafanuliwa.

Mwanafunzi wa Kichina, Mlimani

Naafikiana na Mwalimu, nami naongeza kwamba baadhi yake husimama juu ya neno lenye maana mbili. Mkia wa sungura "hauwi mrefu", na kwa Kichina urefu huo ni wa kitu na pia wa muda, ndiyo maana husemwa juu ya mbabe ambaye siku zake zinahesabika. Nyingine humtaka msikilizaji awe anaijua fasihi yao. Zhu Bajie, mhusika mwenye sura ya nguruwe katika riwaya mashuhuri ya karne ya 16, anapojitazama kwenye kioo, si mtu ndani ya kioo wala nje yake. Basi huambiwa hivyo yule aliyejaribu kupatanisha pande mbili akaishia kulaumiwa na zote.

Muuliza swali, Kariakoo

Nawashukuru sana. Je, nami naweza kuzitumia mbele ya wakubwa wake watakapokuja?

Mwalimu wa fasihi simulizi

Kwa wenzako wa rika moja, zitumie. Mbele ya wakubwa subiri kwanza, kwa maana hizi ni semi za maongezi ya kawaida na nyingi zina kejeli ndani yake. Ule wa makalio ya chui milia, "hayaguswi", husemwa juu ya mtu anayeogopwa, na mwenyewe akiusikia hataufurahia.