Chembe nyeupe za mama zimeshuka, dripu imeahirishwa

BintiMuheza
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 58, anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Tumetoka Muheza, tumepanga chumba Dar: mionzi siku tano kwa wiki, na kila Jumatatu dripu ya cisplatin, dawa ya saratani. Jumatatu ya wiki ya nne wakampima damu, chembe nyeupe 1.9. Tukaambiwa hakuna dripu leo, basi. Maelezo hakuna. Mama alinyamaza mpaka tukapanda daladala, ndipo akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo nimeshakwisha?" Jirani kaleta unga wa mlonge, anasema siku tatu kinga imepanda. Nimpe? Na mionzi ya chini ya kitovu inashushaje kinga ya mwili mzima?

SistaWodini
Pole mdogo wangu. Mwambie mama hajakwisha. Chembe nyeupe hutengenezwa kwenye uboho, ule ulio ndani ya mifupa, na kwa mtu mzima sehemu kubwa ya uboho unaofanya kazi iko kwenye nyonga na uti wa mgongo. Mionzi yake inapita humo humo, na cisplatin nayo inaubana. Neutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria, huishi muda mfupi sana, kwa hiyo uzalishaji ukilegea zinapungua haraka. Uboho ukipumzika zinapanda tena. Mionzi msiikatishe wenyewe, ikichelewa tiba inapungua nguvu. Mlonge muoneshe daktari kwanza, hauzuii maambukizi. Kama anatumia ARV, asiruke hata siku moja.
Homa ikifika 38, hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Chembe zikiwa chache kidonda kinaweza kukosa hata usaha. Homa inaweza kuwa ndiyo dalili pekee mtakayoiona.

MamaPili
Msikilize Sista. Mimi nilitibiwa ugonjwa huo huo. Homa ilinishika saa nane usiku, nikameza panadol nikasema nisisumbue watoto, kutakucha. Kulipokucha siwezi kusimama. Nililazwa siku tisa. Mnunulie kipimajoto leo, mwanangu. Chakula kiwe cha moto, kachumbari aiache kwa sasa, na wageni wenye mafua wamsalimie kwa simu.

BintiMuheza
Asanteni sana, nimemsomea yote. Kipimajoto nimenunua, anakiweka kwapani mwenyewe na kuninyooshea nisome. Sasa hivi 36.7. Alhamisi tunarudia damu.