Farasi wa manaiti wa Ulaya: walikuwa majitu, au filamu zimetudanganya?

Hatamu: Wakuu, katika filamu za manaiti, wale askari wa deraya wa Ulaya ya kale, kila farasi ni jitu. Nasema ni uongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipima mifupa karibu 2,000 ya farasi wa Uingereza, ya mwaka 300 hadi 1650. Wengi hawakufika sentimita 148 begani. Wa ngome ya Trowbridge, mkubwa kuliko wenzake wa enzi ya Wanormani waliotawala Uingereza tangu 1066, alikuwa kama 152. Hao ni punda walionona.

Fundi Deraya: Mkuu, humo imo na mifupa ya farasi wa kulima! Naiti alikuwa na palfri wa safari, anakwenda telki kutwa bila kumtikisa. Raunsi wa mtumishi. Destria ndiye wa vita, hapandwi ovyo. Njiani anaongozwa kwa mkono wa kulia, na jina lake limetoka huko. Usimpime kwa mifupa ya shamba.

Mkokoteni: Mimi nimekwama kwenye "punda walionona". Punda ndiye anayelisha wanangu. Kwa nini awe tusi?

Hatamu: Ndugu, nilisema kimo tu.

Mkokoteni: Ulisema kwa dharau. Kimo si nguvu.

Binti Historia: Hapo kaka kasema kweli. Vita vya Bannockburn, 1314, Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, alikuwa juu ya farasi mdogo. Henry de Bohun, naiti wa Uingereza, akamjia shoti na mkuki, juu ya farasi mkubwa wa vita. Bruce akakwepa, akainuka, akampasua kichwa kwa shoka. Ukubwa ulimfaa nini?

Msafiri: Lakini si walikuwa wakipandishwa kwa winchi, kwa uzito wa chuma?

Fundi Deraya: Winchi! Hadithi hii imenichosha. Deraya kamili ya vita ilikuwa kilo 20 hadi 25 hivi, tena uzito umetawanywa mwili mzima. Mtu alipanda mwenyewe.

Hatamu: Basi umejijibu. Kwa kilo 25, jitu la nini?

Fundi Deraya: La kuvunja safu ya adui, wewe!

Binti Historia: Safu gani? Vita vya Courtrai, 1302, watu wa miji ya Flanders, Ubelgiji ya leo, walisimama kwa miguu, wakawaangusha manaiti wa Ufaransa, wakaokota vyuma vya dhahabu vya visiginoni mwao, wakavitundika kanisani. Na vita vya Agincourt, 1415, Wafaransa walikuta tope na mishale ya Waingereza; farasi waliochomwa wakageuka, wakawakanyaga watu wao.

Mkokoteni: Mnaona? Punda akihisi hatari anasimama, hata umpige hasogei. Na radhi bado naisubiri.

Hatamu: Nisamehe, kaka. Neno lile sikulipima.

Mkokoteni: Yamekwisha. Sasa huyo palfri wa kwenda telki, bei yake ilikuwaje? Maana huyo ndiye ningemnunua.

Fundi Deraya: Palfri mzuri aliweza kufikia bei ya destria.

Mkokoteni: Nilijua.