Naelewa somo, lakini nikisimama mbele ya darasa maneno yananikimbia. Naombeni ushauri

Kimya_Kingi:
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili chuoni. Mitihani ya kuandika hainisumbui, shida yangu ni mdomo.

Wiki iliyopita kundi letu la watu watano liliwasilisha kazi. Mimi nilipewa matokeo, sehemu niliyoifanya mwenyewe na ninayoijua nje ndani. Zamu yangu ilipofika nikageukia ukutani, nikaanza kusoma slaidi. Nikasoma hadi mwisho bila kuinua macho. Mhadhiri akauliza, "Kwa nini sampuli yenu ni ndogo hivi?" Nikaeleza jinsi tulivyoikusanya. Akauliza tena, taratibu. Nikarudia maelezo yaleyale, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Mwenzangu akaingilia akajibu kwa sentensi moja tu: muda ulitubana, na tumelitaja hilo kwenye mapungufu, ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo niliuandika mimi.

Alama hazikuniuma sana. Kinachoniuma ni kwamba tangu siku ile kundi linanipa kazi ya kuchapa tu. Halafu nimemwandikia mhadhiri mara mbili, kimya. Nianzie wapi?

Chaki_Nyeupe:
Pole sana mwanangu. Nimefundisha miaka mingi, na wanafunzi wa namna yako nimekutana nao kila mwaka. Soma tena ulichoandika. Umeulizwa "kwa nini", ukajibu "jinsi gani", tena mara mbili. Jibu ulikuwa nalo. Swali ndilo lililokupita, kwa sababu mhadhiri alipokuwa anaongea wewe ulikuwa umeshaanza kupanga utakachosema. Kwa hiyo ningeanza na masikio kabla ya mdomo.

Kuna zoezi ambalo mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers alilipendekeza tangu miaka ya 1950, nami nimelitumia darasani hadi nikalizoea. Mnakaa wawili mnajadili jambo mnalotofautiana. Huruhusiwi kutoa hoja yako mpaka kwanza useme hoja ya mwenzako kwa maneno yako, na yeye akubali: "Ndiyo, hicho ndicho ninachosema." Asipokubali, unajaribu tena. Jaribu dakika kumi tu. Utashangaa mara ngapi mwenzako atatikisa kichwa kukataa.

Mbele ya mhadhiri, fanya vilevile kwa ufupi: "Mwalimu, unauliza sababu ya kuchagua idadi hii, siyo?" Ukikosea atakusahihisha palepale, na wewe umepata sekunde tano za kupumua. Hakuna atakayeona umechelewa kujibu.

Mguu_Sawa:
Nakubaliana na mwalimu, ila mkuu usisahau mwili! Asilimia 93 ya mawasiliano si maneno: 55 ni uso, 38 ni sauti, maneno ni 7 tu. Simama wima, watazame watu machoni, tabasamu. Maneno yatafuata.

Tone_la_Wino:
Mguu_Sawa ndugu yangu, hizo namba zinasambazwa sana kwenye semina, lakini zimetolewa mahali pake. Zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa 1967. Alikuwa anachunguza jinsi watu wanavyotambua hisia, kama msemaji anampenda au hampendi anayezungumza naye, pale ambapo neno linasema hili na sauti au uso unasema lile. Yeye mwenyewe alishaeleza kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo ya kila aina. Fikiria: kama maneno yangekuwa asilimia 7, ungeweza kuelewa mhadhara wa lugha usiyoijua kwa kumtazama tu mhadhiri usoni.

Macho na kusimama vina maana, sibishi. Ila kwa huyu kijana havitasaidia kama slaidi zimejaa aya nzima. Aliyejaza maandishi ukutani lazima atayasoma, na wasikilizaji nao watasoma, na kwa kuwa macho yana kasi kuliko ulimi watakuwa wamemaliza wakati yeye yuko katikati. Weka jedwali au picha, na maneno machache. Maelezo yabaki kichwani.

Kuhusu kukariri: kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, basi. Ukikariri yote, neno moja likidondoka linaondoka na mengine. Usipime hotuba kwa kuhesabu maneno pia. Ule ushauri wa maneno 130 hadi 150 kwa dakika ni wa Kiingereza. Neno letu moja kama "tulivyowakusanyia" linabeba maneno kadhaa ya wenzetu. Isome kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mbele yako.

Mguu_Sawa:
Asante kwa masahihisho, hilo sikulijua. Nimekuwa nikiwaambia watu hivyo miaka yote.

Barua_Fupi:
Mimi naomba uweke hapa ule ujumbe uliomtumia mhadhiri.

Kimya_Kingi:
Shikamoo mwalimu Chaki_Nyeupe, na asanteni wote. Dada Barua_Fupi, ujumbe ni huu: "Habari mwalimu, samahani sana kwa usumbufu, nilikuwa na swali kuhusu ile kazi, naomba unisaidie."

Barua_Fupi:
Nimefanya kazi ya kupokea barua za wanafunzi, kwa hiyo nakuambia kinachotokea upande wa pili. Anafungua. Hajui wewe ni nani, kazi ipi, swali lipi. Ili akujibu inabidi kwanza akuulize, na ana barua nyingine hamsini zinamsubiri. Anaiacha ili airudie baadaye, na baadaye haifiki. Umeomba samahani kwa usumbufu, lakini swali hukuliandika.

Mimi ningeandika hivi:

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni (jina), namba ya usajili (namba), kundi la nne. Kwenye wasilisho la Jumanne uliuliza kwa nini sampuli yetu ni ndogo, na sikujibu vizuri. Sababu ni muda. Je, tukiongeza aya ya kueleza athari yake kwenye matokeo itatosha, au tukusanye taarifa zaidi? Kama ni rahisi kwako, naweza kuja ofisini saa za wanafunzi. Asante."

Kichwa cha barua: "Kundi la nne: swali kuhusu sampuli." Anaweza kujibu kwa mstari mmoja akiwa amesimama.

Chaki_Nyeupe:
Marahaba mwanangu. Na wenzako je, umewaambia kwamba hutaki kuchapa tu? Au umenuna? Kundi haliwezi kusoma uso wako. Huenda wanadhani wanakuonea huruma.

Kimya_Kingi:
Mwalimu, kusema kweli nilinuna.

*(Siku tisa baadaye)*

Kimya_Kingi:
Narudi na mrejesho. Lile zoezi nimelifanya na ninayekaa naye chumba kimoja. Mara ya kwanza alinikataa mara nne mfululizo. Nilikuwa namwongezea maneno ambayo hakuyasema.

Kundi nimewaambia hivi: "Naomba nibaki na matokeo. Wasilisho lijalo nijibu maswali mawili ya kwanza, nikikwama nitasema nimekwama." Mmoja akashtuka, akasema walidhani sitaki tena kusimama mbele. Jana tuliwasilisha. Swali la kwanza nililirudia kwa maneno yangu, mhadhiri akasema "hapana, nauliza kuhusu jedwali la pili," nikageuka kwenye jedwali la pili, nikajibu. La pili nilikwama kweli, nikasema, mwenzangu akamalizia. Mikono bado inatetemeka, na mwanzoni niliongea haraka mno.

Barua imejibiwa siku ileile. "Aya inatosha. Njoo Alhamisi."

Barua_Fupi:
Kabla ya Alhamisi andika maswali yako matatu kwenye karatasi, lililo zito liwe la kwanza.