Lida ya flai kwa samaki wa meno makali: waya gani, urefu gani? Naombeni ushauri

Mwana_Mayungu:
Assalaam aleikum wana bahari. Nimekwama na muda unanibana. Nina kazi ya kutengeneza lida za flai (kile kipande cha nailoni na waya kati ya mshipi na chambo), dazeni nzima, kwa samaki mwenye meno ya kukata. Flai zenyewe, yaani vyambo vya bandia, ni kubwa, sentimita 15 hadi 20, za manyoya na nyuzi. Waya uwe namba gani? Urefu gani? Na nauunga vipi na nailoni usije ukachomoka? Kesho kutwa lazima niwe nimeshaanza kukata. Nisaidieni, usingizi umenipaa.

Nahodha_Ngomeni:
Waleikum salaam. Samaki wa meno huku kwetu ni nguru na mzia, hapana fumbo. Chukua waya wa chuma wa uzi mmoja, namba 5 au 6. Huo haufungwi fundo, husokotwa. Pitisha kwenye tundu la ndoana, acha kitanzi kidogo, halafu sokota nyuzi zote mbili kwa pamoja zipishane mara nne au tano. Ukiona mmoja umenyooka na mwingine ndio unaouzunguka, fungua uanze upya, huo utateleza tu. Baada ya hapo ncha uipige pete tano zilizobanana. Usiikate kwa koleo. Ipinde ipate kona kama mkono wa cherehani, uzungushe mpaka ivunjike yenyewe. Iliyokatwa kwa koleo huacha mwiba unaochana vidole vya mshika samaki.

Bi_Tewa:
Nahodha, hayo ni ya kurambaza, na kwa kurambaza umesema kweli tupu. Lakini kijana kasema flai. Mwanangu, hiyo flai inarushwa kwa fimbo au inaburutwa nyuma ya mashua? Samaki gani, maji gani, mshipi namba ngapi?

Mwana_Mayungu:
Inarushwa, bibi. Fimbo namba 9. Samaki ni wa meno tu, wa kawaida, kilo 3 mpaka 10 hivi.

Kanuni_Kwanza:
Kabla hujakata chochote, uliza kama mvuvi anatafuta rekodi. Kwa kanuni za IGFA, chama cha kimataifa kinachoweka rekodi za uvuvi, upande wa flai, lida iwe na kipande dhaifu cha nailoni kisichozidi ratili 20, na urefu wake kati ya fundo na fundo usipungue inchi 15, yaani sentimita 38. Kipande cha kuzuia meno, kiwe waya au nailoni nene, kisizidi inchi 12, na hizo inchi 12 zinahesabiwa pamoja na mafundo. Kikizidi hata kidogo rekodi haipokelewi, samaki awe mkubwa namna gani. Watu wengi hupima waya peke yake wakasahau fundo.

Mwana_Mayungu:
Rekodi hapana. Ni kuvua kwa kujifurahisha.

Bi_Tewa:
Bado hujasema ni samaki gani. "Wa meno tu" si samaki. Mzia hukata kwa kufyeka mara moja, nguru hivyo hivyo. Wapo wengine wanaouma wakang'ang'ania na kujiviringisha. Lida ya huyu si ya yule.

Mwana_Mayungu:
Haya basi. Ni paiki. Si samaki wa huku, ni wa maji baridi, maziwa ya Ayalandi. Kuna mgeni huja kila kaskazi kuvua sulisuli, mimi ndiye ninayemfungia lida za baharini. Akirudi kwao anavua paiki kwa flai, na ameniagiza nimtengenezee za huko. Sikutaja mapema kwa kuwa nilijua mtaniambia paiki hatumjui. Na meno ni meno. Waya wa chuma wa uzi mmoja namba 7 nimeshanunua, na nailoni ya ratili 80 ninayo roli zima. Mpango wangu ni waya mita moja, swivo (kiungo cha chuma kinachozunguka), kisha nailoni mita mbili. Lida zangu za sulisuli hazijawahi kulalamikiwa.

Fundi_wa_Mshipi:
Kijana, hapo ndipo penye kazi, na nitasema kwa urefu maana lida hiyo ya mita moja ya waya haitarushika.

Sulisuli hana meno ya kukata. Ana mdomo wa msasa, hukwaruza, ndiyo maana nailoni nene ya ratili 80 inamtosha. Paiki ana meno makubwa pembeni mwa taya la chini, na juu kwenye kaakaa ana mamia ya meno madogo yaliyoelekea nyuma, kooni. Kinachoingia hakitoki kwa urahisi. Akishashika hujipindapinda, na lida inasagika katikati ya hayo meno. Nailoni ya ratili 30 ataikata. Florokaboni, uzi ulio kama nailoni ila mgumu zaidi, ya ratili 80 au 100, yenye unene unaokaribia milimita moja, hustahimili mara nyingi, lakini si kila mara, na ni lazima ipapaswe kwa kidole bila kuchoka: ikishika mkwaruzo, itupwe. Waya ndio salama zaidi, ila uwe waya laini, mfupi.

Kwa nini mfupi? Mshipi wa flai ndio wenye uzito, na nguvu ya mrusho husafiri kutoka kwenye mshipi, ikapita kwenye lida, ikafika kwenye flai. Lida ikianza nene ikamalizia nyembamba, nguvu hiyo inakunjuka vizuri. Ukiweka swivo nzito katikati, na mita ya waya mgumu mbele yake, lida inavunjika kiuno pale kwenye swivo: nailoni inakwenda huku, waya unakwenda kule, flai inamrudia mvuvi kisogoni. Ndoana kubwa ya 6/0 kisogoni si jambo dogo.

Kwa mshipi unaoelea fuata vipimo hivi. Mwanzo, nailoni ya ratili 40, unene wa milimita 0.60 hivi, urefu mita moja. Ikifuatia ya ratili 30, sentimita 60. Halafu ya ratili 25, sentimita 40. Mwisho waya wa nyuzi nyingi uliovikwa plastiki, unaokubali kufungwa fundo, ratili 30, sentimita 35 hadi 40. Jumla inakaribia mita mbili na nusu. Chini ya sentimita 30 za waya usishuke, kwa sababu paiki mkubwa humeza flai yote pamoja na kipande cha lida.

Na usipande juu ya ratili 30 kwa kujiona umeimarisha. Ndani ya mshipi wa flai kuna uzi wa kiini, na katika mishipi mingi uzi huo haubebi zaidi ya ratili 30 hivi, mingine hata chini ya hapo. Ukiweka nailoni ya 80, ndoana ikinasa gogo, kitakachokatika ni mshipi wenyewe, ambao ndio ghali kuliko vyote.

Mwana_Mayungu:
Nimekusikia, ami. Lakini waya nimeshanunua, na uzi mmoja ni mwembamba kuliko wa nyuzi nyingi. Samaki hauoni vizuri. Si faida hiyo?

Fundi_wa_Mshipi:
Wembamba ni kweli. Shida yake ni kupinda. Waya wa chuma wa uzi mmoja ukipinda mara moja hubaki na kona, na kwenye kona hiyo ndipo utakapokatikia. Kwa kurambaza unabaki umenyooka muda wote, haupati nafasi ya kupinda. Kwa flai unarushwa na kuvutwa mfululizo, na kila paiki anaujaza mikunjo. Wa titani wa uzi mmoja hurudi kunyooka, huo unafaa, ila fundo lake ni kazi. Huo wako wa namba 7 mwekee nguru.

Mkaguzi_Shimoni:
Samahani jamani, mimi naona tunapelekwa. Mgeni wa Ulaya aache maduka ya kwao yaliyojaa lida za paiki, aje aagize Malindi? Kwanza ilikuwa "samaki wa meno", kisha "wa kawaida", sasa ni samaki ambaye hayupo Kenya nzima. Hadithi imetungwa hii. Labda kuna mtu ana waya namba 7 anatafuta pa kuuuzia.

Kanuni_Kwanza:
Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Anayefungia wageni lida angekuwa anajua mambo ya swivo.

Mwana_Mayungu:
Sina waya wa kuuza na sina sababu ya kudanganya. Yeye anapenda lida zilizofungwa kwa mkono kwa vipimo vyake, basi. Kwenye mashua tunarambaza, swivo haina ubaya. Ulizeni lolote.

Bi_Tewa:
Nina swali moja, nalo litamaliza ubishi. Mishipi yake ya flai imeandikwaje?

Mwana_Mayungu:
Gurudumu moja la mshipi lina kibandiko WF9F, la pili WF9I. Flai ya mfano aliyoniachia ina ndoana ya 5/0.

Bi_Tewa:
Mwacheni kijana, anasema kweli. Maandishi hayo hayatungwi na asiyeyaona. WF ni mshipi uliojaa uzito mbele, 9 ni namba ya uzito wa mshipi, inayolingana na namba ya fimbo, F unaelea, I unazama polepole. Na hilo ndilo ungelisema tangu mwanzo, mwanangu, kwa sababu unahitaji lida za aina mbili. Aliyokupa Fundi ni ya F. Kwa I fanya fupi: nailoni ya ratili 30, mita moja, moja kwa moja bila kupunguza unene, kisha waya sentimita 35. Lida ikiwa ndefu kwenye mshipi unaozama, mshipi unashuka na flai inabaki juu, na paiki wa kina hataiona. Gawa dazeni yako nusu kwa nusu.

Mzee_Kusi:
Na mimi niseme la haki ya samaki. Ayalandi sheria hairuhusu kuchukua zaidi ya paiki mmoja kwa siku, naye asizidi sentimita 50. Maana yake karibu wote wanarudishwa majini. Lida ikikatika, samaki anabaki na ndoana na waya kinywani, na huyo huenda asile tena. Kwa hiyo anayefunga fundo bovu anaua samaki asiyemwona. Mwambie mgeni abonyeze ndimi za ndoana kwa koleo zilale, na awe na koleo refu la kuchomolea. Paiki hafunguliwi kwa vidole.

Mwana_Mayungu:
Asante mzee, nitamfikishia. Sasa fundo la waya na nailoni, bila swivo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Fundi_wa_Mshipi:
Pinda ncha ya waya upate mkunjo wa sentimita 5. Ingiza nailoni ya ratili 25 ndani ya mkunjo, itokeze sentimita 20. Bana vyote kwa kidole gumba na cha shahada. Sasa ile ncha ya nailoni izungushie juu ya nyuzi zote tatu, waya mbili na nailoni yenyewe, ukielekea kwenye mkunjo. Mizunguko kumi, imelala ubavu kwa ubavu, usiruhusu mmoja upande juu ya mwingine. Ncha itoke kwenye mkunjo kwa upande ule ule nailoni ilikoingilia. Ikitokea upande wa pili, fundo litakaa zuri kwa macho na litafunguka kwa mzigo. Lowesha kwa mate, vuta ncha kidogo, nailoni ndefu kidogo, huku unaisogeza mizunguko karibu na mkunjo isivuke ikaporomoka. Mwisho kaza kwa koleo, kata mabaki.

Upande wa flai: waya upite tundu la ndoana, ncha ipite nyuma ya waya mrefu, irudi iingie kwenye kitanzi kilicho mbele ya tundu. Umbo lake ni namba nane. Kaza kwa kuvuta ncha, si waya mrefu. Ukivuta waya mrefu unajiviringa na flai itaogelea upande. Nailoni kwa nailoni, fundo la daktari (surgeon's knot) linatosha. Mwanzo wa lida weka kitanzi. Kikutane na kitanzi cha mshipi viwe vimeshikana mkono kwa mkono. Kimoja kikipinduka na kumkaba mwenzake, kitamkata.

Nahodha_Ngomeni:
Na vile vibomba vya chuma vya kubana waya badala ya fundo? Sisi mafundo ya waya hatuyaamini.

Fundi_wa_Mshipi:
Vinafaa, nahodha, kama kipenyo kinalingana na waya na koleo ni lenyewe la kubania. Acha milimita moja kila mwisho wa kibomba bila kubanwa, ukingo usije ukauma waya. Kwa waya wa plastiki usibane kupita kiasi. Plastiki ikipasuka maji huingia, kutu inakula ndani kwa ndani na juu huoni kitu.

Mwana_Mayungu:
Nitajuaje kama fundo langu limeshika kabla sijampa mtu?

Bi_Tewa:
Dumu la maji. Lita moja ni kilo moja, na ratili 25 ni kilo 11 na kidogo. Funga lida kwenye boriti, ndoana ya zamani upande wa pili, ning'iniza dumu lenye lita 9 na uliachie polepole bila kulistua. Likishika dakika moja, fundo ni zima. Fundo hupunguza nguvu ya nailoni, kwa hiyo usidai lita 11 kamili. Ikikatika, tazama mahali: ikiwa ncha imejikunja vikunjo vidogo vidogo, fundo limeteleza, ikiwa imekatika safi, umelikaza kavu bila kulilowesha. Lida uliyoijaribu usiiuze, irudie upya kwa mikono ile ile.

Mwana_Mayungu:
Sawa bibi. Waya wa plastiki nitautafuta kesho. Swivo naziacha, ila mgeni anapenda kubadilisha flai haraka. Naweza kuweka klipu mwisho wa waya?

Bi_Tewa:
Weka, moja tu, ndogo, isiyopungua nguvu ya waya, na ifungwe kwa lile fundo la nane. Nailoni iliyokaa roli imejikunja. Ivute mara kadhaa ndani ya kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ipate joto, inanyooka. Kila lida izungushe duara la upana wa kiganja, kila moja na mfuko wake, na karatasi ndani: F au I, ratili, urefu. Ukizichanganya ataweka ndefu kwenye mshipi wa kuzama.