Natoka STI nahamia Evo: nitajuta, au nimechelewa?

Kona_Kali

Wakuu, salaam. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2006, ile yenye taa za jicho la mwewe, injini ya lita 2.5, gia sita. Huu ni mwaka wa sita niko nayo. Sasa kuna Mitsubishi Lancer Evolution IX (Evo) imejitokeza sokoni, na nikiuza yangu naongezea kidogo tu.

Sijachoka na STI. Ule mngurumo wake wa kusitasita bado unanifanya nishushe kioo nikipita chini ya daraja. Kinachonikera ni kona. Nikiingia kwenye kona inayobana, pua inasukuma nje, inabidi nitoe mguu nisubiri. Tairi ni nzuri, shokapu nimebadilisha zote nne, na ile difu ya kati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ya kurekebisha kwa kidole (DCCD), naiweka kwenye hali ya kurekebisha mwenyewe, karibu na kufunga kabisa, ili ishike. Bado pua inasukuma.

Waliowahi kuhama kutoka moja kwenda nyingine, nipeni ukweli. Za kusoma kwenye magazeti nimeshasoma.

TairiNne

Jibu rahisi: usiuze, ongeza. Pa kuliegesha utapajua baadaye.

Bibi_Gia

Kona_Kali, mimi nilitoka kwenye STI kama yako nikaingia Evo IX, mwaka wa nne huu. Nikusimulie siku ya kwanza tu.

Kuna kona ya kushoto ninayoijua kama kiganja changu: inaanza pana, halafu mwishoni inajikunja. Kwenye STI nilikuwa naikata usukani mapema, nangoja pua ikubali, ndipo nakanyaga. Jioni ile nikafanya vilevile kwa mazoea. Gari likaingia ndani kuliko nilivyoliomba, nikajikuta narudisha usukani katikati ya kona kama mtoto anayejifunza baiskeli. Nikasimama pembeni, nikacheka peke yangu. Miaka yote nilikuwa nageuza usukani kwa ajili ya mimi na gari pia.

Siri iko nyuma. Evo IX za masoko mengi zina Super AYC kwenye difu ya nyuma: gia na klachi mbili zinazohamisha nguvu kutoka gurudumu moja la nyuma kwenda jingine. Ukiwa kwenye kona, gurudumu la nje linapewa nguvu zaidi, basi mkia unasaidia kugeuza gari. Katikati kuna ACD, yaani difu ya kati, nayo ina kitufe cha hali tatu: lami, changarawe, theluji. Mimi hukiacha kwenye lami, nimekisahau.

Ila angalia sana: Evo VIII na IX zilizouzwa Marekani hazikuwa na AYC, nyuma zina difu ya kawaida ya kuzuia mtelezo. Bado ni gari tamu, lakini si hilo ninalokusimulia. Ulizia kabla hujafunga safari ya kwenda kuliona.

Nilichokikosa ni sauti. Evo inapiga kelele za kiwandani tu, kama mashine ya kushonea yenye hasira.

Mdau_wa_EJ

Mashine ya kushonea! Dada umetusaidia. Mjadala umekwisha, STI imeshinda.

FundiBoksa

Haujakwisha. Mimi ni fundi, gari zote mbili zinanilisha, kwa hiyo sina upande.

Anzeni na vipimo, vinasema mengi. Injini ya STI ya lita 2.5 ina silinda zenye upana wa milimita 99.5 na pistoni inatembea milimita 79 tu. Ile injini ya Evo IX, 4G63, ni upana 85 na mwendo 88. Ya kwanza ina pistoni kubwa kama sahani, silinda zimesogeleana, bloku ni ya alumini. Ya pili ni nyembamba na ndefu, bloku ni chuma cha kusubu. Ndiyo maana watu wanaopenda kuongeza msukumo wa tabo hulala usingizi wakiwa na 4G63. Kwenye EJ25, hiyo ya STI, injini ikianza kugonga kwa sababu ya mafuta hafifu au kompyuta iliyochezewa vibaya, ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi kwenye pistoni unameguka. Mwenye gari anaona moshi na oili inapungua, anadhani ni tabo.

Lakini EJ25 iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, inayopimwa oili mara kwa mara (narudia: VUTA STIKI kila ukijaza tangi), inadumu. Wengi walioniletea injini imekufa waliniambia "taa ya oili haikuwaka". Taa hiyo inasoma presha, haisomi kiasi. Ikiwaka, beringi zimeshakula.

Evo nayo ina mtego wake. Zote mbili zinatumia mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Ila 4G63 ina mkanda wa pili, mdogo, wa kuzungusha shafti za kutuliza mtetemo. Huo mdogo ukikatika unaweza kujiviringisha kwenye mkubwa. Kwa hiyo ukibadilisha mmoja, badilisha na wa pili siku hiyohiyo.

Plagi? Kwenye Evo ziko juu, unafungua kifuniko unaziona. Kwenye STI injini imelala, plagi zinatazama ubavu wa bodi. Mikono yangu ina alama, msiniulize.

Kimya_Kimya

Nathibitisha hilo la mikanda. Gereji moja ilinibadilishia mkubwa tu, ule mdogo wakaona "bado mzima". Ulidumu miezi mitano. Injini nilifungua yote.

MlaLami

Mimi nimefanya safari ya kinyume: Evo IX kwenda STI, na sijaangalia nyuma. Sikubishii, Bibi_Gia, kwenye kona Evo ni mwalimu. Ila gari sitembelei kwenye kona pekee.

Evo haijui kupumzika. Usukani ni mwepesi wa kuitika mno, ukipiga chafya kwenye barabara kuu umehama njia. Tangi ni lita 55 dhidi ya 60 za STI, na kiu yake haijali tofauti hiyo. Viti vya nyuma havilali, siku niliyonunua ubao wa dirisha niliurudisha dukani nikaja na gari la rafiki. Mlango ukifunga unasikia bati.

STI ukiitaka itulie, inatulia. Kiti ni kipana kidogo, injini imelala chini kwa hiyo uzito wa gari umekaa chini, linakaa kwenye matuta bila kurukaruka. Ukitaka vita, vita ipo. Kwa mtu mwenye gari moja tu la kufanyia kila kitu, mimi nasema STI.

Bibi_Gia

MlaLami kwenye hilo la chafya umenimaliza. Ni kweli. Safari ya saa tatu nikifika mabega yamepanda masikioni.

Mwanagenzi

Shikamooni wakubwa. Samahani naingilia. Mbona hakuna anayetaja Evo X? Ni mpya zaidi, au kuna kasoro?

FundiBoksa

Marahaba. Si kasoro, ni gari jingine. X ilitoka 2007 na injini mpya, 4B11: alumini, milimita 86 kwa 86, na cheni ya taimingi badala ya mkanda. Ni nzito zaidi na imestaarabika zaidi. Ipo ya gia tano za mkono na ipo ya klachi mbili, TC-SST, ya gia sita. Hiyo ya pili inataka oili yake maalumu na fundi anayeijua, si wa kubahatisha. Buti lake ni dogo kwa sababu betri imehamia humo.

Jambo moja kwa Evo zote zenye AYC: kuna pampu ya haidroliki. Kwenye X imekaa upande wa gurudumu la nyuma, inarushiwa maji na chumvi ya barabarani. Isikilize, na uangalie kama kuna taa ya onyo. Pampu hiyo haina bei ya kirafiki.

TairiNne

Mimi naona mtu akitaka kitu kipya angetazama Toyota GR Yaris. Silinda tatu, lita 1.6, tabo, tairi zote zinavuta, kuanzia 2020. Evo iliacha kutengenezwa 2016, na STI yenye EJ nayo imeshaaga. Vipuri vya mapambo na plastiki vitaanza kusumbua.

Mdau_wa_EJ

Silinda tatu? Tunaongea magari hapa. Subaru ilichukua ubingwa wa dunia wa timu kwenye mbio za rali 1995, 1996 na 1997 mfululizo. Huo ndio ukoo.

Kimya_Kimya

Na dereva Tommi Mäkinen akachukua wa madereva 1996, 1997, 1998 na 1999 akiwa na Lancer. Minne mfululizo, mzee. Na 1998 Mitsubishi wakabeba na wa timu.

Mdau_wa_EJ

Na huyohuyo Mäkinen 2002 akahamia wapi? Subaru. Na rali ya Monte Carlo, mbio zake za kwanza kabisa nao, akashinda.

Kimya_Kimya

Alishinda kwa sababu mpinzani wake, Sébastien Loeb, alipigwa adhabu ya dakika mbili. Soma vizuri.

MlaLami

Jamani, mwenye mada ameuliza kuhusu pua ya gari lake.

Kona_Kali

Nimerudi wakuu, nimewasoma wote, hata nyie wa ubingwa.

Jumamosi nilikwenda kuiona ile Evo. Kwanza nilifika injini ikiwa ya moto. Nilikuwa nimemwomba muuzaji kabisa asiiwashe, nataka kuisikia ikiamka baridi. Akasema aliitoa tu kwenye banda. Nikaweka mkono kwenye bonneti, nikanyamaza. Nikainama kuangalia tairi: mbele mpya zenye vinyweleo, nyuma zimelika hadi alama za mwisho, na chapa tofauti. Gari ambalo tairi zote zinavuta! Nikamuuliza zimekuwa hivyo tangu lini, akasema "ni mviringo tu, zote zinazunguka". Nikamshukuru nikaondoka.

FundiBoksa

Ulifanya vyema. Tairi zenye kipenyo tofauti mbele na nyuma zinafanya difu ya kati ifanye kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Joto halikatiki, klachi za humo zinaungua taratibu. Mtu asiyejua hilo, hujui alichokifanya kwingine.

Kona_Kali

Sehemu ya pili ya habari. Bibi_Gia na mimi kumbe hatuko mbali. Jumapili asubuhi tukabadilishana funguo, yeye akachukua yangu, mimi yake, barabara ileile, kona ileile yake ya kushoto.

Kuhusu Evo, kila alichosema ni kweli. Niliigeuza kupita kiasi mara mbili, ya tatu nikaielewa, na ya nne nikakanyaga mapema mahali ambapo kwenye STI ningekuwa bado nasali. Sitaki kusema uongo, nilipiga kelele.

Ila tulipokutana mwisho wa barabara, yeye alikuwa ameshuka, ameegemea mlango wa gari langu, hacheki.

Bibi_Gia

Nilimuuliza swali moja: "Hii gurudumu ndogo karibu na breki ya mkono, nani aliifunga hivi?" Akasema ni yeye, tangu miaka. Wakuu, ilikuwa imekazwa karibu mwisho. Difu ya kati imefungwa kwenye lami kavu! Mbele na nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa wakati kwenye kona kila upande una njia yake. Pua itakubali vipi? Nikairudisha kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, ile inayoanzia asilimia 41 mbele na 59 nyuma, nikapita kona tena. Si Evo, lakini ilikuwa gari jingine.

FundiBoksa

Na aliandika kwenye posti ya kwanza kabisa! "Karibu na kufunga, ili ishike." Nimerudi kusoma sasa hivi. Sote tumepita juu yake tukaenda kubishana mikanda. Nalichukua kosa langu.

Kona_Kali, kufunga ni kwa matope na theluji. Kwenye lami kavu unaitesa difu na giaboksi bure. Badilisha oili ya giaboksi, na uangalie kama kuna unga wa chuma kwenye sumaku ya kizibo.

Mdau_wa_EJ

Kwa hiyo miaka sita ulikuwa unapigana na kidole chako mwenyewe 😂

Kona_Kali

Cheka tu. Oili nimebadilisha jana, sumaku ilikuwa na uji mwembamba wa kijivu, vipande hakuna. Tangazo la kuuza STI nimelifuta. Evo bado naitaka, siku moja, lakini sitaki tena kuinunua ili kutibu ugonjwa niliojipa mwenyewe.

Bibi_Gia, funguo zako bado ziko mfukoni mwangu.

Bibi_Gia

Najua. Na mimi nimepita chini ya lile daraja lako leo asubuhi, kioo kikiwa chini. Njoo Jumapili.