Naombeni ushauri: unga wa glutamini kwa mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji

Kauzibe01: Wakuu, wakubwa shikamooni. Mzee wangu alipasuliwa ngiri wiki tatu zilizopita. Kidonda kimefunga ila mwili umekwisha. Mchana anasinzia, usiku macho makavu. Nasikia glutamini inarudisha nguvu baada ya kuumwa. Kijiko ni asubuhi au jioni?

MbavuZaMbwa: Asubuhi. Mimi naitumia mwaka wa pili huu, nanyanyua vyuma. Kifua utadhani mlango wa ghala.

MamaPacha: Kaulizwa mgonjwa, wewe unajibu kifua! Vijana siku hizi mnataka kopo likulelee mzazi. Mama yangu alivunjika nyonga, tukamlisha supu na mayai miezi miwili. Aliponyanyuka, wa kwanza kugombezwa nilikuwa mimi, eti supu haikuwa na chumvi.

MuuguziMstaafu: Glutamini ndiyo asidi amino (tofali la kujengea protini) iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, na mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye misuli. Ni kuni za seli za utumbo na za kinga. Ukiumwa sana kuni zinakwisha upesi, ndiyo maana watu wakaona waongezee. Lakini utafiti wa 2013 kwa wagonjwa mahututi 1,223 ulionesha waliopewa kwa wingi walikufa zaidi. Wa 2022, kwa walioungua vibaya, haukuona faida. Ilipopata nafasi ni kwenye selimundu: Marekani iliidhinisha 2017 kupunguza yale maumivu makali. Sasa sema, mzee ana ugonjwa gani mwingine? Figo? Ini?

Kauzibe01: Presha kidogo tu.

MuuguziMstaafu: Nimeuliza ini.

Kauzibe01: Daktari alisema limesinyaa, tangu mwaka juzi. Lakini pombe kaacha, na kilichotupeleka hospitali ni ngiri, si ini, sikuona inahusika. Halafu hii si dawa, ni chakula. Tumeshaanza tangu Jumatatu, vijiko viwili kwa siku, na amechangamka. Usiku anaongea mpaka alfajiri.

JichoLaKengewa: Uzi huu naunusa. Akaunti ina siku tatu, mada moja. Kesho mtasikia "mzee kapona, anayetaka unga anifuate pembeni".

MbavuZaMbwa: 😂 Kuna mmoja humu alimzika mjomba mara mbili kwenye nyuzi mbili.

Kauzibe01: Muuzaji gani anauliza kijiko ni asubuhi au jioni? Kama hamna msaada, piteni.

MuuguziMstaafu: Awe muuzaji asiwe, atasoma mwingine mwenye mgonjwa kweli. Glutamini ikivunjwa hutoa amonia, ambayo ni sumu. Ini zima huiondoa. Lililosinyaa huiacha ipande kichwani. Kulala mchana na kukesha usiku ni dalili ya mapema kabisa, na huenda ilianza kabla ya huo unga. Acheni unga leo. Na huko usiku anaongea na nani?

Kauzibe01: Ngoja nimpigie mdogo wangu, ndiye analala naye.

Kauzibe01: Anasema anaongea na shangazi. Shangazi alifariki sisi tukiwa wadogo. Walidhani anaota.

MuuguziMstaafu: Hospitali sasa hivi, msingoje kukuche. Na kopo mlibebe, wakalione.

JichoLaKengewa: Mkuu, mkifika utujuze.

MbavuZaMbwa: Bi Muuguzi, samahani, hivi mtu anajuaje kama ini lake ni zima?