Kimbwa cha Mama Juni

MAJIRANI CHUNO – USALAMA NA USAFI
Jumamosi

Nasso (1:12 asubuhi): Wakubwa shikamooni. Nani humu ana dume la hawa mbwa wadogo wa kizungu, au anamjua mwenye nalo? Pipi wetu yuko kwenye joto, nataka apandwe. Mwenye dume atachagua mtoto mmoja, wanaobaki nauza.

Mama Vitumbua (1:14): Vitumbua tayari, vya moto. Supu ya pweza kuanzia saa nne.

Mwenyekiti (1:20): Marahaba. Nasso, hiki kikundi ni cha ulinzi na taka.

Nasso: Mwenyekiti, kwani mbwa si ulinzi? 😂

Mwenyekiti: Yule? Yule paka akikohoa anaingia chini ya kochi.

Baba Neema (1:31): Pipi ndiye yule mnayembeba kwenye kikapu cha sokoni?

Nasso: Huyohuyo baba.

Baba Neema: Ana umri gani?

Nasso: Tulimleta Februari ana miezi miwili. Sasa hivi Agosti. Kama miezi minane.

Baba Neema: Uzito?

Nasso: Kilo mbili kamili. Nilimpima dukani kwa mamdogo, kwenye mzani.

Mama Juni (1:38): NASSORO. Umempandisha mbwa kwenye mzani wangu wa sukari???

Bi Somoe: Astaghfirullah.

Mama Juni: Jamani wateja wangu, mzani unaoshwa sasa hivi, mara saba.

Bi Somoe: Moja iwe kwa udongo.

Baba Neema (1:45): Ngojeni kicheko. Nasso, usimpandishe huyo. Naandika, msiingilie, nina vidole vinene na nimetoka kupulizia salfa mikorosho, macho yanawasha.

Baba Neema (1:58): Mwaka juzi nilikuwa na jike kama Pipi, nimemtoa Dar. Kilo mbili na robo. Joto la kwanza tu nikamtafutia dume. Nilijiona nimefungua mradi. Kichwani nilishauza watoto watatu, laki tatu kila mmoja, na bati za jikoni nikawa nishazipimia. Siku ya 62 usiku akaanza kukwangua khanga tulizomtandikia. Anahema, anageuka kutazama nyuma yake kama mtu aliyeitwa. Akasukuma. Nusu saa, saa nzima, hakuna kitu. Umeme hakuna, mama Neema kashika tochi ya simu. Baadaye ikaonekana pua na kiguu kimoja, vikakwama hapohapo. Nikampigia mtu mmoja wa duka la dawa za mifugo, akaja na sindano ya kuongeza uchungu, hakumpapasa hata tumbo. Akachoma. Ile sauti iliyomtoka mbwa sitaki kuieleza. Alfajiri hatuna mama wala mtoto. Na mtoto alikuwa mmoja tu, kakua mwenyewe tumbo zima, kichwa kama limau, na njia ya mama yake hata dole gumba langu lisingepita. Bati nikaja kununua kwa hela ya korosho.

Farida Nesi (2:03): Pole sana baba Neema. Sikuijua hii.

Mama Juni: Pole kaka. 😔

Dokta wa Mifugo (2:10): Habari zenu. Nimesoma yote. Baba Neema, ile sindano haichomwi kabla ya kujua mtoto amekaaje na njia ikoje. Njia ikiwa imeziba, unamwongezea mama nguvu ya kusukuma kitu kisicho na pa kutokea, na kizazi kinaweza kuchanika. Na mtoto akiwa peke yake tumboni mara nyingi huwa mkubwa. Kwa mbwa mdogo hilo linatosha kumpeleka kwenye kisu.

Bi Somoe (2:14): Mimi mbwa simshiki, ila mambo ya wali wa unyago nimeyakalia miaka mingi. Mtoto akivunja ungo ndiyo kwanza anaingizwa ndani afundwe. Hakuna aliyesema azae. Nyie Pipi kavunja ungo juzi, leo mnamtafutia mume kwa tangazo.

Farida Nesi: 😂😂 Bibi!

Nasso: Bibi, mbwa si mtu. Mbwa koko wanazaa kwenye mitaro na hawana dokta.

Dokta wa Mifugo (2:22): Wanaozaa ndio unaowaona. Waliokufa mtaroni nani anawahesabu? Halafu mbwa koko ana kilo kumi na tano, kichwa chembamba, nyonga pana. Hawa wadogo binadamu ndiye aliyewapunguza, kizazi hadi kizazi, akichagua kadogo ampandishe na kadogo. Chiwawa, hawa kama Pipi, anatakiwa awe baina ya kilo moja na nusu na tatu. Mwili umepungua, lakini kichwa cha mtoto wake bado cha mviringo na kikubwa, na nyonga ya mama ndiyo hiyo. Ukisikia mtandaoni wanauza mbwa wa kwenye kikombe cha chai, hiyo si aina ya mbwa. Ni mtoto aliyezaliwa mdogo kuliko wenzake, au aliyedumaa, akapewa jina la kuuzia.

Dokta wa Mifugo: Na umri. Mbwa wadogo wanaweza kuingia joto hata na miezi sita, wakati wenyewe hawajamaliza kukua. Chakula kimoja kijenge mifupa yake, kijenge watoto, kisha kiwe maziwa. Wengine wakishazaa wanakimbia watoto, hawajui wafanye nini nao. Ninaoshauri wapandishwe ni wa mwaka na nusu au miwili, wameshapita joto la kwanza, nimewapima. Wa kilo mbili simshauri mtu hata akifika miaka mitatu.

Mama Vitumbua (2:25): Vimebaki kumi na nne.

Farida Nesi (2:27): Dokta, kuna mmoja Shangani alizaa salama kabisa, wiki ya tatu akaanza kutetemeka. Wakasema kifafa cha mimba. Ni hiki chetu cha wodini?

Dokta wa Mifugo (2:33): Watu hutumia jina hilohilo, ugonjwa mwingine. Chenu ni presha. Cha mbwa ni kalsiamu ya kwenye damu kwisha, imeenda yote kwenye maziwa. Hushika zaidi hawa wadogo, wakiwa na watoto wengi, wiki mbili mpaka nne baada ya kuzaa. Anahema bila jua, anatembea miguu imekakamaa, anatetemeka, mwisho degedege. Anatakiwa atundikiwe dawa saa hiyohiyo, taratibu, huku moyo unasikilizwa. Ukisema kesho, kesho hayupo.

Mama Juni: Basi mimi nilishamnunulia vidonge vya kalsiamu vya akiba 🤦🏾‍♀️

Dokta wa Mifugo: Virudishe. Ukimpa wakati ana mimba mwili unazoea kuletewa, unasahau kuchota kwenye mifupa. Maziwa yakianza ghafla ndipo anapoanguka.

Mwenyekiti (2:40): Nilisema kikundi cha usalama, sasa naona ni usalama kweli. Dokta, kule nyumbani kuna jike limeshashika mimba, la kawaida tu. Niangalie nini?

Dokta wa Mifugo: Mimba siku 63 hivi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa mtoto hatoki, nipigie. Saa mbili zikipita kati ya mtoto na mtoto na unajua wamebaki, nipigie. Ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, usipige, njoo. Na mtoto aliyekwama msimvute kama kamba ya kisima.

Nasso (2:44): Sawa. Nimeelewa. Simpandishi.

Mama Juni: Na ungempandisha kwa ruhusa ya nani?

Dokta wa Mifugo: Vizuri Nasso. Damu ulianza kuziona lini?

Nasso: Leo siku ya 12.

Dokta wa Mifugo: Hizo ndizo siku zenyewe. Mfungieni ndani, dirisha pia. Akitaka kukojoa atoke na kamba, na mtu mzima.

Mlinzi Geti la Bluu (2:51): Samahani wakuu, nilikuwa zamu ndo nasoma. Jana magharibi Pipi si nilimwona nyuma ya bucha na Simba wa kwa fundi seremala? Walinasana karibu robo saa. Nikajua mmekubaliana kifamilia.

*Nasso amefuta ujumbe huu*

*Nasso amefuta ujumbe huu*

Mama Juni (2:53): Nassoro njoo dukani. Sasa hivi.

Nasso: Mamdogo nilimtoa akojoe dakika tano tu. Na Simba mrefu vile, nilijua hafiki.

Bi Somoe: Kulikuwa na ngazi hapo nyuma ya bucha, au tofali?

Mlinzi Geti la Bluu: Kuna tuta la mchanga bibi.

Bi Somoe: Enhe.

Baba Neema (2:56): Simba anafika kilo kumi na nane yule.

Dokta wa Mifugo (3:01): Tulieni. Kwanza msimpe chochote. Si vidonge vya akina dada, si mwarobaini, si kumwosha na maji ya chumvi, haisaidii kitu. Nileteeni leo nimwone. Kuna sindano ya kutoa mimba ya mbwa, imetengenezwa kwa ajili yao, nitapiga simu nijue kama naipata. Kuna za homoni za zamani, zinaharibu uboho na kizazi kinaweza kujaa usaha. Hizo sichomi hata kwa ng'ombe mzima. Njia nyingine ni kumfunga kizazi, yaani kukitoa kabisa, ila tusubiri joto lishuke kwanza, sasa hivi mishipa imejaa, atavuja damu. Akiachwa tu, baada ya wiki nne hivi tunampiga utrasaundi, na kama imo tunajiandaa kwa operesheni. Watoto wa Simba ndani ya Pipi, mimi nisingependa tufike huko.

Mama Juni: Hatufiki. Afungwe kizazi joto likiisha, na akipata hiyo sindano nayo sawa. Hela itatoka kwenye ya simu mpya ya mtu fulani.

Nasso: 😭

Baba Neema (3:05): Bajaji yangu ipo. Nawapitia dukani. Mfunikeni khanga, asione barabara, wale hutapika.

Mama Juni: Asante kaka. Nasso ndiye atakayembeba, mimi naosha mzani.

Mama Vitumbua (3:20): Vimekwisha. Pweza anatokota.

Dokta wa Mifugo (4:12): Nimempokea. Moyo mzuri, homa hana, ana njaa tu. Uzito kilo moja na gramu 800.

Baba Neema: Si alikuwa kilo mbili kamili asubuhi?

Dokta wa Mifugo: Wangu ni wa dijitali, nimempima mara tatu.

Mama Vitumbua (4:15): Ngoja kwanza. Mama Juni. Ile sukari ya vitumbua nanunua kilo tano kila Ijumaa.

Bi Somoe: Enhe.

*Mama Juni anaandika…*